“Sikuwahi kufanya kazi PWD”: vifupisho na msomaji anayeondoka kimya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya afya ya mtaa wetu huku Mtongwe, Likoni. Mwezi jana niliandika tangazo la usajili wa bima, nikalibandika dukani, kwa kinyozi na ukutani mwa madrasa. Lilisema hivi: “Wakaazi wote, hasa PWDs na OVCs, mnaombwa kufika kwa ACC tarehe 12, 9 AM, kusajiliwa SHA. Leteni ID, na BC kwa U5. CHPs watakuwepo.” Walikuja watu kumi na mmoja. Wengine wakafika saa tisa alasiri, tushafunga daftari. Kuna mzee hatembei ila kwa magongo mawili, nilipomuuliza mbona hakuja, akaniambia, “Mimi sikuwahi kufanya kazi PWD.” Mwenyekiti anataka niandike kirefu cha kila kifupisho kwenye mabano. Nimejaribu, tangazo limekuwa refu kama wasia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Nianze na huyo mzee, kwa sababu alisoma vizuri kuliko mnavyomdhania. Kwa mtu aliyekulia Mombasa wakati wa Mwingereza, PWD ilikuwa idara ya serikali iliyojenga barabara na majengo ya umma. Baba akitoka asubuhi, watoto wakiulizwa kaenda wapi, walijibu “yuko PWD”, na hapakuwa na haja ya kufafanua. Sasa leo ukutani pameandikwa PWD waje kwa bima, nawe unamaanisha watu wenye ulemavu. Mzee akawaza: hawa ni wastaafu wa ile idara, pengine wamekumbukwa mafao yao, Mungu awabariki, mimi simo. Hakukosea hata herufi moja.

Hapo ndipo penye hatari ambayo mwenyekiti wako hajaiona. Kifupisho kigeni kabisa humfanya mtu aulize: “Hii ni nini?” Kifupisho anachokijua kwa maana nyingine hakimfanyi aulize kitu. Anajijibu mwenyewe na kwenda zake, wala hutajua kama ulimpoteza. Chukua CDF. Mama wa Mtongwe akiisikia, anafikiria hazina ya eneo bunge, darasa jipya la shule na karo ya mwanawe. Afisa wa jeshi akiisikia, anafikiria mkuu wa majeshi. Wote wawili ni Wakenya na wote wamepatia. Ukiandika “CDF atakuja Ijumaa”, angalau kile kiambishi “a-” kitamwokoa msomaji. Ukiandika “ofisi ya CDF”, umemwacha njia panda.

Kwa hiyo mwenyekiti amepatia nusu. Anadhani ugonjwa ni ufupi na dawa ni urefu. Mimi nimehariri na kutafsiri Kiswahili hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, na nilichojifunza ni kwamba kirefu ni kitu kimoja na maana ni kitu kingine. Jaribu mwenyewe. Nenda kwenye banda lolote la kutazamia mpira, Majengo au Bombolulu, siku ya mechi kubwa. Refa akichora mraba hewani kwa vidole, banda zima litapiga kelele “VAR!” Waulize VAR ni kirefu cha nini. Wachache watakwambia, wengi watakutazama kama umewaharibia goli. Lakini kila mmoja anajua ni wale marefa wanaotazama picha za video, na tangu Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi wamekwisha kuwalaani vya kutosha. FIFA nayo ilizaliwa Paris mwaka 1904 na kirefu chake ni Kifaransa. Nani anakihitaji? Kadi za harusi zetu huandikwa RSVP, Kifaransa tena, na hakuna anayepotea kwa sababu chini yake pana nambari za simu za mashangazi wawili. Watu wanaelewa herufi ambazo hawajui kirefu chake, mradi wameona kazi yake.

Kinyume chake pia ni kweli. Unaweza kumpa mtu kirefu kizima na asielewe. Andika kwenye mabano maneno ya Kiingereza yanayobebwa na OVC, yaani yatima na watoto walio katika mazingira magumu, halafu mpe bibi anayelea wajukuu watatu walioachwa na marehemu bintiye. Atasoma, kama anasoma Kiingereza, na bado hatajua kwamba anayeitwa ni yeye.

Na sisi wa Kiswahili tuna tabu ya ziada. Kanuni ya “andika kirefu, kisha herufi kwenye mabano” ilitengenezwa na watu ambao kirefu chao na herufi zao ni za lugha moja. Kwetu, herufi nyingi zinatoka Kiingereza na maana tunaileta kwa Kiswahili. Ukiandika “Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA)”, msomaji makini anatafuta M, anatafuta B, hazioni. Anajiuliza kama hayo ni mambo mawili tofauti.

Niungame dhambi yangu hapa. Nilipoanza kazi nilitafsiri kijitabu cha kampuni moja ya mizigo ambayo sitaitaja, nikaona aibu kuweka herufi za Kiingereza ndani ya Kiswahili safi. Nikajitungia. KPA nikaiita MABAKE. Nilijivunia sana hiyo MABAKE. Kijitabu kikatoka, na wiki ya pili mpakuzi mmoja akaja nacho ofisini, kidole juu ya ukurasa: “Mwalimu, hii MABAKE iko wapi? Nimeulizia Shimanzi yote.” Kazini kwake kila siku anapita chini ya kibao kilichoandikwa KPA kwa herufi kubwa kuliko yeye. Mimi nilimfutia kibao.

Tangu siku hiyo nina namna moja ya kulitazama jambo hili, na ndiyo ninayotaka uichukue. Herufi ni kibao cha mlangoni. Maana ni kile kilichomo ndani ya nyumba. Msomaji anahitaji kujua kilichomo ndani kwanza, kwa Kiswahili chake. Kibao anakihitaji tu ikiwa kweli atafika kwenye huo mlango: ataziona hizo herufi kwenye fomu, kwenye ujumbe wa simu, kwenye ukuta wa ofisi. Ikiwa hatazikuta popote, usimbebeshe.

Namna rahisi ya kufanya hivyo ni kutanguliza nomino ya kawaida mbele ya herufi. Bima ya SHA. Mtihani wa KCSE. Ripoti ya polisi yenye nambari ya OB. Reli ya SGR. Mimi huliita neno la kubeba, kwa sababu linazibeba herufi mgongoni kama mama na mtoto kwenye kanga. Ni neno moja, halitaki mabano, halivunji sentensi, na aliyekwisha kujua haoni kama anafundishwa.

Sasa tulipitie tangazo lako.

PWDs na OVCs zitoke zote mbili. Hakuna mlango wenye kibao hicho ambao watu wako wataupita siku hiyo. Hizo ni herufi za ripoti, za wafadhili na semina za hoteli. Sema watu wenye ulemavu. Sema yatima na wanaowalea. Isitoshe, mtu hapendi kujikuta amegeuzwa herufi tatu.

SHA ibaki, maana ndiyo watakayoiona kwenye simu na hospitalini, lakini ibebwe: bima ya afya ya SHA. Na usisahau kwamba wazee wako wameishi na NHIF tangu 1966. Jina hilo lilikufa rasmi Oktoba 2024, lakini midomoni bado liko hai. Nusu sentensi ya kuunganisha la zamani na jipya itafanya kazi kubwa kuliko kirefu chochote. Kuna wajuzi watakaokwambia SHA ni mamlaka na SHIF ndiyo hazina, na usichanganye. Wako sahihi. Kwa tangazo la ukutani, waache na usahihi wao.

ACC ni kichekesho kidogo. Cheo cha DO, afisa wa tarafa, kilibadilishwa jina kikawa ACC baada ya katiba ya 2010, na vibao vikapakwa rangi upya. Lakini muulize mwendesha bodaboda akupeleke kwa ACC, halafu muulize akupeleke kwa DO, uone safari ipi inaanza. Kwenye tangazo, jina la mahali ni lile linalomfikisha mtu. Andika ofisi ya DO. Kwenye barua yako kwa afisa mwenyewe, mpe cheo chake cha sasa kwa ukamilifu. Hiyo ni adabu.

CHPs ni hadithi ndefu. Kwanza walikuwa CHW, wakawa CHV, mwaka 2023 wakazinduliwa kwa jina la CHP. Herufi moja imebadilika mara mbili. Mama ni yule yule, mkoba ule ule, na anagonga mlango ule ule kuuliza mtoto amechanjwa au la. Watu wanamjua kwa jina la mwanawe. Mhudumu wa afya wa mtaa anatosha. Na hiyo “s” iondoe popote ulipoiweka. Ni wingi wa Kiingereza, na Kiswahili wingi wake kinaubeba kwingine: wote, watakuwepo, hawa. “CHPs watakuwepo” imeutaja wingi mara mbili kwa lugha mbili.

BC na U5 sina hata la kusema. Cheti cha kuzaliwa. Watoto wa chini ya miaka mitano. ID inaeleweka na kila mtu, lakini kitambulisho kinaeleweka zaidi.

Nimebakisha 9 AM, na hiyo ndiyo iliyokugharimu watu wengi kuliko PWD. AM ni Kilatini, maana yake ni kabla ya jua kufika utosini. Tatizo ni kwamba saa ya Kiswahili inahesabu kutoka machweo na macheo, na ya Kizungu kutoka usiku wa manane. Zinapishana saa sita. Jicho la msomaji wako liliona 9, mdomo ukasema “saa tisa”, na AM ikapita kama mapambo. Wale waliofika alasiri walisoma tarakimu kwa Kiswahili, kama walivyozungumzishwa na tangazo lote. Huwezi kuandika sentensi ya Kiswahili na kutia ndani yake saa ya Kizungu ukategemea herufi mbili za Kilatini zikuokoe. Andika kwa maneno: saa tatu asubuhi. Ukitaka kufupisha “asb.” fupisha, ingawa kwenye karatasi ya ukutani sioni unabana nini.

Mimi ningeliandika hivi, kama mpangilio ndio huo mliokusudia:

“Usajili wa bima ya afya ya SHA (iliyochukua nafasi ya NHIF). Jumatano tarehe 12, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, ofisi ya DO. Njooni nyote. Wenye ulemavu na wanaolea yatima watahudumiwa kwanza. Leta kitambulisho; kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, leta cheti chake cha kuzaliwa. Wahudumu wa afya wa mtaa watakuwepo kukusaidia.”

Lako lilikuwa na maneno 24, hili lina 54. Ni zaidi ya mara mbili, sikatai. Lakini linasomwa na mtu mwenye mfuko wa sukari mkononi bila kusimama mara ya pili, na karatasi ni ile ile moja.

Kwa kuwa uko kwenye kamati ya afya, nikuonyeshe mahali ambapo herufi huuma kuliko matangazoni. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja, pembeni yangu baba mmoja wa makamo wa Kisauni, kadi yake ya kliniki ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Akaifungua anionyeshe. Muhuri wa zambarau, vipimo vya presha, na chini kabisa kwa kalamu ya mkono: TCA 14/3. Akaniambia, “Hii dawa nimeitafuta maduka mawili.” La kwanza waliikosa. La pili, kijana wa dawa alimuuliza kama ana tabu ya usingizi au huzuni. Kijana hakuwa mjinga, kwa sababu kweli kuna jamii ya dawa za sonona inayofupishwa TCA. Lakini aliyeandika kwenye kadi alimaanisha jambo ambalo kila mhudumu wa kliniki nchini analijua: “to come again”, mgonjwa arudi tarehe hiyo. Tulikuwa tayari mwezi wa Aprili.

Fikiria, binti yangu. Neno “rudi” lina herufi nne. TCA ina tatu. Daktari aliokoa herufi moja, na baba wa watu akapoteza mwezi wa matibabu akiitafuta tarehe kwenye maduka ya dawa.

Wenzetu wa hospitali wanalijua jambo hili wenyewe kwa wenyewe. Marekani, chombo kinachokagua hospitali, Joint Commission, kilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. Cha kwanza kutajwa ni herufi U iliyosimama badala ya “yuniti”. Andika 4U ya insulini kwa mkono wenye haraka, uone inavyofanana na 40. Mgonjwa akichomwa mara kumi ya dozi, hakuna mabano yatakayomfufua. Dawa yake ni kuandika neno zima, basi. Kwetu, kwenye bahasha ya dawa utaona 1×3. Mwenye duka anajua ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini nimemwona mtu akimeza vitatu kwa mpigo asubuhi, amalize. Kiswahili kina msemo wake mzuri uliozoeleka: kimoja, kutwa mara tatu. Kamati yenu ikiwa na usemi wowote pale zahanati, ombeni hayo mawili tu: “rudi” badala ya TCA, na “kutwa mara tatu” kwa maneno.

Usidhani lawama zote ni za Kiingereza. Tuna vifupisho vyetu wenyewe vyenye visa vyao. Ukiandika k.m. unamaanisha kwa mfano; ondoa nukta, umepata kilometa. Dk. ni daktari kwenye barua na ni dakika kwenye matokeo ya mpira; ndiyo maana siku hizi wengi tunaandika Dkt. kwa mwenye shahada yake. Uk. ni ukurasa, na kwa herufi kubwa ni Uingereza. Halafu kuna MINT. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya wamefundishwa kuanza kichwa cha barua rasmi kwa MINT, na niliwahi kuuliza darasa zima la kidato cha tatu maana yake. Mmoja alisema ni majani ya chai. Ni mintarafu, neno la asili ya Kiarabu, maana yake kuhusu. Watanzania huandika YAH, yaani yahusu, ambayo angalau mtu anaweza kuikisia. Mimi huandika KUH, na kwenye barua kwa watu wa kawaida siandiki chochote: nakitia kichwa cha barua wino mzito, na kila mtu anaona ndicho kichwa.

Hizo zenye herufi ndogo na nukta (n.k., k.m., taz.) ziache kwa maandishi yanayosomwa kimya. Kwenye tangazo litakalosomwa kwa sauti msikitini au kanisani, andika na kadhalika. Msomaji wa matangazo akifika kwenye “k.v.” hutulia kidogo, na ule utulivu watu huusikia.

Sasa, mtu anaweza kukuuliza: mbona UKIMWI na TAKUKURU zimeshika bila tabu? Hapa nitasimama kidogo, maana ni jambo linalonifurahisha. Tazama zilivyoundwa. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa: TA-KU-KU-RU. Baraza la Kiswahili la Taifa: BA-KI-TA. Teknolojia ya Habari na Mawasiliano: TE-HA-MA. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa: TA-MI-SE-MI. Hazikuchukua herufi za kwanza, zilichukua silabi za kwanza, na Kiswahili ni lugha ya silabi: konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Kwa hiyo kinachotoka ni neno linalotamkika, linaimbika, linaingia kwenye ngeli bila kugombana na mtu. EACC yetu ya Kenya inafanya kazi ile ile ya TAKUKURU, lakini jaribu kuiimba. Ufundi huu ni wa Watanzania hasa, na nawapa heshima yao. UKIMWI imekwenda mbali zaidi: wengi huiandika kwa herufi ndogo, kama malaria, na hakuna anayekumbuka kwamba U ni ya upungufu au ukosefu wa kinga mwilini.

Lakini hata kifupisho kizuri hakilazimishi. UVIKO-19 ilitungwa kwa kanuni hizo hizo, ugonjwa wa virusi vya korona, ikaandikwa na kutangazwa. Huku Mombasa, mvuvi, muuza mabuyu na imamu wote walisema korona, na korona ikabaki. Na mtaa usipopewa maana hujitungia. Herufi za Kiingereza za UKIMWI, AIDS, zilipoanza kusikika, vijana walizipa kirefu chao: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Kejeli chungu, na iliwafikia watu waliokuwa hawajawahi kusikia kirefu cha kitabibu. Usijitungie, basi, kama mimi na MABAKE yangu. Kifupisho kipya kinahitaji taasisi, redio na miaka. Wewe una gundi na karatasi.

Utakutana pia na swali la ngeli: BAKITA imesema au limesema? KPA imetangaza, sawa, lakini CCM je, imeshinda au kimeshinda? Wengi huzitupa zote kwenye i-, na hakuna atakayekulaumu. Mimi, kirefu kikiwa cha Kiswahili na kikiwa karibu, hufuata nomino yake: Baraza limesema, basi BAKITA limesema. Upatanisho huo humnong’oneza msomaji kwamba hili ni baraza au hiki ni chama. Ukitumia neno la kubeba, swali lenyewe linakwisha, maana chama cha CCM kimeshinda na bima ya SHA imelipa.

Kwa ripoti ndefu, ile unayopeleka kwa wafadhili, kanuni ya mabano inafaa, kwa masharti. Jina kamili litangulie, herufi zifuate, mara ya kwanza tu. Jina likitajwa mara mbili katika ripoti nzima, usilifupishe kabisa. Likipotea kurasa kumi kisha likarudi, mkumbushe msomaji kwa neno la kubeba. Ile orodha ya vifupisho mbele ya ripoti iweke kama wanaitaka, ila usiitegemee. Sijawahi kumwona mtu akirudi ukurasa wa pili kutafuta herufi aliyokutana nayo ukurasa wa arobaini.

Mkija kuwa na ukurasa wa intaneti, mtengenezaji atakwambia kuna lebo iitwayo abbr, inayoficha kirefu nyuma ya herufi mpaka kipanya kipite juu yake. Ni lebo nzuri, na wasioona wanaotumia programu za kusoma skrini wakati mwingine hufaidika nayo. Lakini wasomaji wako wanasoma kwa simu, na kidole hakielei juu ya kioo kama kipanya. Maana iliyofichwa hapo wengi hawataiona. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti imelitaja jambo hili tangu 1999 na inataka pawe na njia ya kupata kirefu cha kila kifupisho. Miongozo yenyewe inaitwa WCAG na imetolewa na W3C. Sina la kuongeza.

Kuna wakati herufi ni haki yake. Mawakala wa forodha wakiandikiana kuhusu kontena lililokwama kwenye yadi ya CFS, ukiwafafanulia CFS watadhani unawachezea. Dada anayeshona nguo kwenye viwanda vya EPZ anasema “natoka EPZ”, na kumwandikia kirefu chake ni kumtenga na kazi yake mwenyewe. Wenye lugha yao ya kazini wape lugha yao. Ukuta wa madrasa hauna kazi moja. Hupitiwa na wote.

Kabla ya kubandika tena, lipeleke tangazo jipya kwa yule mzee wa magongo. Mnunulie kahawa tungu na kashata, mpe karatasi, mwombe akusomee kwa sauti, nawe ukae kimya. Pale atakaposita, weka alama ya kalamu. Usimweleze, usimsaidie, ukutani hutakuwepo kumsaidia. Akimaliza, muulize aje lini, wapi, na aje na nini. Akijibu yote matatu, bandika.

Na ukiwa naye hapo, niulizie: nani kwao alifanya kazi PWD, na walikuwa wakilipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Nimeanza kutaka kujua.